Kisa cha Gretchen: rafiki anapogeuka fundi

Kuna kipande kifupi kwenye sizoni ya pili ya You're the Worst, siriz ya komedi ya Marekani, ambacho kwangu mimi ndo kisa chote kimeanzia pale. Ni usiku wa manane, Gretchen anasikilizia kama mpenzi wake Jimmy amelala kweli, anachomoka kitandani taratibu, anachukua simu ambayo Jimmy haijui, anatoka nje. Sasa wewe unayeangalia umeshajijibu kichwani, huyu ana mwanaume mwingine, maana siriz yenyewe imeshakuzoesha kwamba hawa watu wawili hawaaminiki hata kidogo. Kamera inamfuata. Anaingia kwenye gari lake, anafunga mlango, anafungua kigemu kwenye simu, halafu analia. Analia huku vidole vinaendelea kucheza gemu. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyemuacha, hakuna meseji mbaya iliyoingia, analia tu mpaka yaishe, kisha anarudi kulala kama hakuna kitu.

Nimeirudia ile sini mara nyingi na kila nikiirudia naona kitu kimoja, kwamba Gretchen ameona ni afadhali mpenzi wake amdhanie msaliti kuliko amjue kuwa anaumwa. Yaani usaliti una jina, una ugomvi wake, una mwisho wake. Ugonjwa wa aina hii ukiusema mtu anakuuliza "umefanyaje?" na wewe huna cha kujibu kwa sababu hujafanywa kitu na mtu yeyote.

Kwa ambao hawajaiona, siriz hii aliitengeneza Stephen Falk, ilianza kwenye chaneli ya FX ya Marekani mwaka 2014, sizoni ya pili ikahamia FXX mwaka 2015, ikaisha Aprili 2019 baada ya sizoni tano. Inachezwa Los Angeles. Gretchen Cutler (Aya Cash) kazi yake ni kusimamia mambo ya habari na matangazo ya kundi la marapa, Jimmy Shive-Overly (Chris Geere) ni Mwingereza mwandishi wa vitabu anayejiona sana, na wamekutana kwenye harusi ya eks wake Jimmy, Gretchen yuko njiani kutoroka na zawadi ya maharusi aliyoiiba. Kuna Lindsay (Kether Donohue), rafiki wa Gretchen wa siku nyingi, na Edgar (Desmin Borges) aliyerudi kutoka vita vya Iraq, anakaa kwa Jimmy bila kulipa kodi na anawapikia. Ni komedi ya watu wanaosemana vibaya, wanalewa, wanaumizana, na unacheka kweli kweli. Ndo maana sizoni ya pili ilipogeuka wengi ilitukuta hatujajiandaa, na nadhani hilo lilikuwa la makusudi kwa sababu hata marafiki zake mwenyewe iliwakuta hivyo hivyo.

Basi tuje kwenye siku yenyewe. Episodi ya saba, Oktoba 2015. Kuna mbio za marathoni mjini, barabara zimefungwa, kwa hiyo kundi zima limekwama nyumbani kwa Jimmy, hakuna wa kutoka. Jimmy ana panya ndani ya nyumba na amelifanya suala la panya kuwa vita. Edgar yuko na Dorothy, yule mwalimu wake wa uigizaji wa papo kwa papo. Na Gretchen amechangamka kupita kiasi. Anakunywa, anacheza, anataka kila mtu afurahi, anawasukuma, mtu akisema amechoka yeye haelewi. Ukiwa hujui unasema Gretchen leo ana mzuka. Ukiwa unajua unaona mtu anayekimbia kitu kilicho ndani ya chumba kilekile alichofungiwa, na kwa bahati mbaya leo milango imefungwa kweli.

Halafu analipuka. Anamgeukia mmoja baada ya mwingine na kila mmoja anampiga kwa maneno palepale panapouma, Dorothy anaambiwa kuhusu umri wake na ndoto ya uigizaji isiyotimia, Edgar hasalimiki, Lindsay hasalimiki, Jimmy anapigwa kwenye uandishi wake. Na hapa waandishi walikuwa jasiri kwa sababu dipresheni kwenye runinga mara nyingi ni mwanamke mrembo amekaa dirishani anaangalia mvua, mpole, unataka umkumbatie. Gretchen hutaki kumkumbatia. Anatisha, ana mdomo mchafu, anawaumiza watu waliomjia kwa upendo. Hasira ni sehemu ya ugonjwa huu kwa watu wengi, kukereka na kila kitu, kila sauti, kila swali, na ndo sehemu inayomaliza marafiki haraka kuliko machozi. Mtu akilia utakaa naye. Mtu akikutukana utaondoka, tena utaondoka ukiwa na sababu.

Sasa angalia Lindsay anafanya nini. Lindsay ni mtu ambaye maisha yake yote yamevurugika, ndoa yake na Paul imemshinda, vitu vidogo vya kujitegemea hawezi, siriz inamtumia kwa vichekesho karibu kila anapotokea. Lakini kwenye hili yeye ndo mtu mzima pekee ndani ya nyumba. Ametukanwa kama wengine, ila yeye anasikia kitu kingine ndani ya yale matusi kwa sababu ameshayasikia zamani, anajua hali hii ikirudi inarudije. Hashangai, hatoi mawaidha, hamuulizi kwa nini huna shukrani na una kazi nzuri na mwanaume anakupenda. Anamtambua tu. Na anamsukuma kwenye jambo moja tu, amwambie Jimmy.

Mimi hapo ndo niliposimamisha video. Kwa sababu mwenyewe niliwahi kuwa na rafiki aliyekuwa anapotea, wiki mbili tatu hajibu simu, akirudi anakuja na makelele na vichekesho, na mimi nilichokuwa nafanya ni kumtumia voisi ndefu za kumtia moyo, amka, pambana, kuna watu wana shida kuliko wewe. Voisi ya dakika sita. Baadaye sana ndo akaniambia kwamba alikuwa anaziona zimekaa pale na hana nguvu ya kubonyeza, na kila asiyoisikiliza ilikuwa deni jipya kwake. Nilikuwa namwongezea mzigo huku nadhani nampunguzia.

Gretchen anamwambia Jimmy. Anamwambia ana dipresheni ya kitabibu, ameishi nayo muda mrefu, inakuja na kuondoka, na anachohitaji kutoka kwake ni kimoja, asilikuze jambo, amkubali alivyo na ajue hawezi kumtengeneza. Sikilizeni hapo jamani. Mgonjwa ametoa maelezo yote. Amesema jina la ugonjwa, amesema historia yake, amesema kitu gani asifanyiwe. Ni madaktari wangapi wanapata mgonjwa anayejieleza hivi? Na Jimmy anaitikia, sawa.

Kabla sijaendelea niseme kidogo kuhusu neno lenyewe kwa sababu kwetu tunaozungumza Kiswahili linatuchanganya. Tuna neno sonona, wengine wanasema unyogovu, lakini mdomoni watu wengi wanasema "ana stresi" au "ana msongo wa mawazo". Msongo una sababu, kazi, madeni, mtihani, na sababu ikiondoka na wenyewe unapungua, ndo maana ushauri wake ni pumzika, badilisha mazingira, usiwaze sana. Sonona sio hiyo. Kwa vigezo wanavyotumia wataalamu ni dalili zinazokaa karibu kila siku, sehemu kubwa ya siku, kwa wiki mbili au zaidi, na moja ya zile kuu sio huzuni bali ni kupoteza ladha, kitu ulichokipenda kinakuwa kama karatasi mdomoni. Usingizi unaharibika, ama hulali ama unalala tu, hamu ya kula inabadilika, akili haishiki kitu, unajiona hufai, na wengine mawazo ya kufa yanaingia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2025 kwamba watu kama milioni 332 duniani wanaishi nayo. Ukiita hiyo stresi utampa mtu ushauri wa stresi, na ushauri wa stresi kwa mtu mwenye sonona unakuwa lawama, kwa sababu atajaribu, itashindikana, atajilaumu yeye.

Na Jimmy ndo alichofanya. Sawa aliyoitoa ilikuwa ya mdomoni, kichwani alishafungua sanduku la vifaa. Episodi inayofuata ni ya Halloween, wanaenda kwenye nyumba ya kutishwa, ile ya kulipia uingie utishwe, na Gretchen kweli anachangamka, macho yanarudi, anacheka. Jimmy anashangilia ushindi, kamtengeneza! Uso wa Gretchen pale ndo unaonyesha ubaya wa ile furaha, maana mtu ameweza kupumua jioni moja na papo hapo ameambiwa amepona, kwa hiyo kesho akiamka vilevile atakuwa amemwangusha fundi. Hivi mnaelewa uzito wake? Anakuwa na kazi mbili, kuumwa na kumlinda anayemuuguza asivunjike moyo. Mwisho wake mgonjwa anaanza kuigiza uzima, na akishaanza kuigiza huwezi tena kujua hali yake halisi, umejifungia mlango mwenyewe.

Simtetei Jimmy ila namwelewa, na nadhani siriz inataka tumwelewe. Yeye ni mwandishi, kazi yake ni kupanga mambo yawe na mwanzo na mwisho. Na anampenda yule dada, kwa namna yake ya kibinafsi. Tatizo ni kwamba ndani ya kumtengeneza Gretchen kulikuwa na hitaji lake yeye, arudishiwe yule Gretchen wa mwanzo aliyekuwa anamchekesha. Alikuwa anamtafuta mtu mwingine ndani ya mtu aliyekaa mbele yake.

Halafu kuna ile episodi ya jirani, hii inaniumiza kuliko zote. Gretchen anawaona Rob na Lexi, mume na mke, wana mtoto, wana mbwa, nyumba nzuri, wanaonekana bado ni watu wenye ladha zao na wamekua bila kuzeeka. Anaanza kuwafuatilia, anamchukua hata mbwa wao anatembea naye kama ni wake, anazoeana nao, mpaka siku moja yeye na Jimmy wanaalikwa ndani. Na pale ndani Rob anamfungukia, kumbe naye hana raha, anayakumbuka maisha ya nyuma, amebanwa. Kwa mtu mzima wa akili hiyo ni stori ya kawaida tu ya mtu aliyechoka na ndoa. Kwa Gretchen ile nyumba ilikuwa ushahidi kwamba kuna sehemu watu wanafika wakapona, na ushahidi umemfia mkononi. Wanarudi nyumbani kwa miguu usiku, Jimmy anatembea anaongea, anawachambua wale watu, anacheka maisha yao, anafurahia kwamba yeye na Gretchen sio hivyo, na Gretchen yuko naye pale pale uso umebomoka analia bila sauti na Jimmy haoni. Yuko hatua chache tu. Anaongea na mtu ambaye anadhani anamjua.

Kutoka hapo Gretchen anazima kabisa. Yuko kwenye kochi, hana hata hasira tena, na wanaojua watakwambia kwamba kimya cha namna hii kinatisha kuliko yale matusi ya siku ya marathoni. Jimmy anachoka. Anaanza kuwa karibu na Nina, mwenye baa, mwanamke asiye na kazi ya kumpa, na inafika siku ya kuondoka naye kabisa. Watu wengi walimchukia hapa. Mimi naona ndo ukweli ambao hausemwi kuhusu wanaouguza, wanachoka, na kama walijipa kazi ya ufundi wanachoka mara mbili zaidi kwa sababu kila siku wanapima maendeleo na hakuna maendeleo.

Lakini haondoki, anarudi kwa Gretchen, tena harudi na hotuba. Anakusanya mablanketi na mito, anamjengea kibanda juu yake palepale alipolala, kama vile watoto wanavyojenga sebuleni, halafu anaingia ndani, analala pembeni yake. Hamwinui. Hambadilishii chumba. Hamletei habari njema. Gretchen ambaye kwa muda wote huo hakuwa na chozi anaanza kulia na anachosema ni kwamba, umebaki.

Sasa nataka nikae hapa kidogo kwa sababu kuna watu wanaichukia hii sini, wanasema inafundisha kwamba mapenzi yanaponya dipresheni, na ni hofu ya haki kabisa, kuna tamthilia nyingi zimefanya dhambi hiyo, mtu anabusiwa na asubuhi amepona. Mimi naisoma tofauti. Kwanza angalia kibanda kinafanya nini. Mgonjwa amelala, hawezi kuja kwenye dunia yako, wewe unapunguza dunia mpaka itoshe pale alipo. Hilo sio tiba, ni mahali pa kukaa. Pili, na hili ndo la msingi, episodi inayofuata Gretchen hajapona, anachokubali ni kutafuta matibabu, dawa. Na sizoni ya tatu tunamkuta kwa mtaalamu, Justina (Samira Wiley), na huko pia ni vurugu, Gretchen anamsumbua yule dada wa watu, anataka apewe jibu la haraka, anakwepa maswali. Yaani waandishi waliliacha suala la kutibu mikononi mwa wanaotibu. Dawa za sonona zenyewe zinachukua wiki kadhaa ndo mtu aone tofauti, nyingine hazimfai inabidi zibadilishwe, na kipindi hicho chote cha kusubiri mtu anahitaji awe na mtu. Hapo ndo rafiki ana kazi. Kumpeleka, kumkumbusha, kukaa, kumuuliza waziwazi kama ana mawazo ya kujiua, maana kuuliza hakumpandikizii wazo, na akisema ndiyo humwachi peke yake, unatafuta msaada siku hiyo hiyo.

Na kuhusu hilo siriz iliendelea kuwa mkweli mpaka dakika za mwisho kabisa. Mwaka 2019 kwenye episodi ya kufunga, Gretchen anamwambia Jimmy kwa utulivu kwamba siku zote kuna uwezekano kwamba siku moja ataacha simu na funguo nyumbani atoke na asirudi. Ni sentensi ngumu kusikia, nilikaa nayo siku nzima. Lakini linganisha na yule wa kwenye gari, usiku, simu ya siri. Safari hii anasema kwa mdomo wake, kwa mtu anayehusika.

Ninachowalaumu waandishi, na nawalaumu kwa kuipenda siriz, au labda walifanya makusudi sijui niite nini, ni Edgar. Muda wote ambao nyumba nzima inajifunza namna ya kukaa na Gretchen, ndani ya nyumba hiyohiyo kuna mtu mwenye kiwewe cha vita, hapati usingizi, anaota ndoto mbaya tangu episodi za mwanzo, na kwao yeye ni mpishi. Anamuuguza kila mtu. Gretchen anaumwa na Jimmy anachanganyikiwa, Edgar yupo anapika. Ugonjwa wa Gretchen ulikuwa na kelele, wa Edgar una adabu, kwa hiyo haukuonekana.

Sizoni ya tatu, mwaka 2016, wakampa episodi yake peke yake, inaitwa Twenty-Two, na 22 ndo ile namba iliyokuwa inatajwa sana Marekani ya makadirio ya wanajeshi wastaafu wanaojiua kwa siku. Walichofanya ni kurudia mambo tuliyoshayaona kwenye episodi iliyotangulia, mazungumzo yaleyale ya Jimmy na Gretchen na Lindsay tuliyokuwa tumeyacheka, ila sasa tuko upande wa Edgar. Sauti zao zinakuja kama ziko mbali, kila mlio wa mtaani unamshtua, hajalala, dawa ameziacha, anaenda kuomba msaada kwenye huduma ya wastaafu na anatoka mikono mitupu. Marafiki zake wako pale mezani. Wanaongea. Hakuna aliyemuuliza kitu, na ukirudi kuangalia ile episodi ya nyuma utamwona Edgar yuko pembeni kwenye fremu, anaonekana vizuri tu, na wewe mwenyewe hukumwona.

Anayemwona usiku ule ni dereva wa gari la kuvuta magari, mtu asiyemjua, naye alishawahi kuwa jeshini. Wanakaa. Wanaongea, jamaa anamweleza yeye mwenyewe anaishije nayo, hamuahidi chochote, halafu Edgar anaenda nyumbani.